Ubongo wa Mtoto Haungoji Kidato cha Kwanza

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka, uliofanyika katika bwalo la shule)



Katika barua ya mwaliko niliambiwa kwamba naweza kuzungumza juu ya jambo lolote lenye manufaa, maadam nisipitishe saa ya chakula. Miaka iliyopita tumesikia hapa mada za kilimo na za uchumi, na mwaka mmoja mada ya ugonjwa wa sukari, ambayo iliwafanya wengi wetu tuziogope soda zilizokuwa mezani.

Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali niliyesomea elimu ya jamii Chuo Kikuu, na kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa ya ustawi wa jamii wilayani. Nitakayoyasema juu ya ubongo ni ya mtu ambaye kazi yake imemlazimisha kusoma matokeo ya uchunguzi wa wataalamu, kisha akarudi nyumbani asipate usingizi. Nimechagua kuzungumza habari za mtoto mchanga. Najua kwamba mbele yangu wamekaa wanaume wenye vipara na vitambi, ambao wamekuja kukumbushana mambo ya mpira na ya kutoroka bweni. Naomba mnivumilie.

Nitaanza na habari za mdogo wangu. Nimemwomba ruhusa, naye amekubali niseme.

Mimi nilizaliwa kambini, katika shamba la katani mkoani Tanga, wakati baba akiwa na kazi ya kudumu. Mama alikuwa nyumbani, na bibi yetu alikuja kukaa nasi. Bibi yule hakujua kusoma, lakini hakujua kunyamaza pia. Akipepeta mchele, atakueleza anavyopepeta. Akikuogesha, atakutajia kiungo kimoja kimoja. Jioni ilikuwa vitendawili na ngano mpaka usingizi ukushike katikati ya ngano. Mdogo wangu alizaliwa miaka sita baadaye. Wakati huo kazi za katani zilikuwa zimepungua, baba ameachishwa, na bibi amekwisha kufariki. Mama alipata kibarua cha kuponda kokoto, akitoka kabla ya jua kuchomoza na kurudi likiwa limekuchwa. Alikuwa akiponda kokoto tangu mimba ya huyo mdogo wangu ikiwa changa. Mtoto alipozaliwa, aliachwa na dada yetu wa miaka minane, ambaye naye alikuwa na maji ya kuteka na kuni za kuokota. Mtoto akilia, alipewa uji uliopoa. Akinyamaza, alilazwa. Mara nyingi alinyamaza, nasi tukamsifu kwamba ni mtoto mpole.

Mwaka aliofanya mtihani wa darasa la saba hakufaulu. Mimi nilikuwa hapa hapa, Kidato cha Sita, nikiwa kiranja wa bweni na mwenye kujiona. Nikamwandikia barua katika bwalo hili, baada ya chakula cha usiku. Nilimwita mvivu. Nilimwambia kwamba sisi tumenyonya ziwa moja na kula chungu kimoja, kwa hiyo asitafute kisingizio. Barua ile aliihifadhi. Nimewahi kuiona nyumbani kwake.

Ndugu wanachama, leo nataka kueleza kwa nini maneno yale yalikuwa ya uongo. Ziwa lilikuwa moja, lakini chungu hakikuwa kimoja.

Mtoto anapozaliwa, ubongo wake ni takriban robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima. Akifika miaka miwili, ubongo ule umekwisha kufikia kiasi cha asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Hakuna kiungo kingine kinachokimbia namna hiyo. Wakati huo huo chembe za ubongo zinaungana kwa nyuzi nyembamba mno. Nyuzi zinazotumika mara kwa mara huimarika na kufunikwa utando unaoharakisha habari, zisizotumika hupunguzwa. Kazi yote hii inahitaji chakula kingi. Kwa mtu mzima ubongo hula kiasi cha asilimia 20 ya nguvu za mwili aliyepumzika. Kwa mtoto mdogo sehemu hiyo ni kubwa kuliko hapo. Unahitaji madini ya chuma, unahitaji madini joto yaliyomo katika chumvi, na tangu tumboni mwa mama. Lakini hauhitaji chakula peke yake. Unahitaji pia kusemeshwa, kubebwa na kujibiwa. Mtoto akitoa sauti na mtu mzima akamjibu, nyuzi kadhaa zimepata kazi. Akitoa sauti na asijibiwe, na kesho tena, na mwezi ujao tena, nyuzi zile hazina sababu ya kuendelea kuwapo.

Haya tunayajua kwa njia gani? Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa nchi ya Romania. Mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilitoa amri ya kupiga marufuku utoaji mimba ili idadi ya watu iongezeke haraka. Watoto wakazaliwa wengi kuliko uwezo wa wazazi kuwalea, na maelfu kwa maelfu wakaishia katika makao ya serikali. Utawala ule ulipoanguka Desemba 1989, dunia ikaona picha za watoto waliolala katika vitanda vya chuma, mlezi mmoja kwa watoto kumi na zaidi. Chakula walipata, na walivishwa. Walichokosa ni mtu wa kuwaita kwa majina yao.

Mwaka 2000 na 2001, wataalamu watatu kutoka Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza uchunguzi katika jiji la Bucharest. Walichukua watoto 136 wenye umri wa kati ya miezi sita na miezi 31. Wakapiga kura: nusu wakapelekwa kwa walezi wa kambo waliofunzwa na kulipwa, nusu wakaendelea na utaratibu uliokuwapo. Msishtuke kusikia habari ya kura. Wakati ule jijini humo walezi wa namna hiyo walikuwa nadra sana, na uchunguzi wenyewe ndio uliowatafuta. Wala hakuna mtoto aliyezuiwa kuondoka makaoni nafasi ya familia ilipopatikana baadaye. Watoto walipofika umri wa miaka minne na nusu, walipimwa kwa kipimo cha akili ambacho wastani wake ni 100. Waliopelekwa kwa walezi walipata wastani wa 81. Waliobaki katika utaratibu wa makao walipata 73. Watoto wa jiji lile lile waliokuwa wakilelewa na wazazi wao tangu mwanzo walipata 109.

Baadaye wakapima umeme wa ubongo, kwa kofia yenye vinasa vidogo. Katika umri wa miaka minane, watoto waliopata mlezi kabla ya kutimiza miaka miwili walikuwa na umeme wa ubongo unaofanana na wa wale ambao hawakukanyaga makao kabisa. Waliochelewa kupata mlezi hawakuwa hivyo. Mwaka 2004 Romania ilitunga sheria ya kukataza watoto wa chini ya miaka miwili wasiwekwe makaoni, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa.

Mtasema kwamba hilo ni jambo la kupindukia, na kwamba kwetu mtoto hakosi shangazi. Ni kweli. Kwa hiyo nawaletea mfano wa pili, ambao ni wa umaskini wa kawaida, wa nyumba yenye mama na isiyo na kitu.

Mwaka 1986 na 1987, huko Kingston, mji mkuu wa Jamaika, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi tisa hadi 24, kutoka mitaa ya watu maskini. Waliwagawa makundi manne. Kundi moja lilipewa kilo moja ya maziwa maalumu kila wiki. La pili lilitembelewa nyumbani kila wiki, kwa saa moja, na mhudumu wa afya wa mtaani. La tatu lilipata yote mawili. La nne halikupata maziwa wala mafunzo hayo ya nyumbani, ila huduma za afya. Wale wahudumu hawakuwa madaktari. Walikuwa akina mama waliofunzwa kwa muda mfupi. Walibeba vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo, vipande vya mbao na picha. Walichofanya ni kumwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto, kumtajia majina ya vitu, kumsifu akijaribu. Kazi hiyo ilifanywa kwa miaka miwili tu.

Watoto wale walifuatwa hadi wakawa watu wazima. Mwaka 2014 ilitangazwa matokeo ya uchunguzi wao walipokuwa na umri wa miaka 22 hivi. Waliokuwa wametembelewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25, nao walikuwa wamewafikia watoto wa mitaa ile ile ambao hawakuwa wamedumaa. Maziwa peke yake, bila matembezi, hayakuacha faida ya muda mrefu namna hiyo. Ndugu zangu, bibi yangu aliyekuwa akipepeta mchele huku anasema, alikuwa akifanya kazi ya wahudumu wale wa Kingston bila mshahara.

Mfano wa tatu ni wa karibuni zaidi, nao unahusu mitandao yenyewe ya ubongo. Katika mji wa St. Louis, Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo huko waliwafuata watoto tangu wakiwa tumboni. Kwa kila mama mjamzito waliangalia kipato, elimu, hali ya mtaa anaoishi, bima ya matibabu na chakula anachokula. Kisha waliwapiga watoto picha za ubongo kwa mashine ya MRI, wakiwa wamelala usingizi wa kawaida, tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu. Matokeo ya watoto 261 yalitolewa mwaka 2024.

Ili tuelewe waliyoyaona, naomba tukumbuke wiki yetu ya kwanza katika shule hii. Kidato cha Kwanza kila mtu alizungumza na kila mtu. Hukujua nani mcheza mpira, nani mwimbaji, nani mkali wa hesabu. Ulikaa na yeyote, ukajaribu kila kitu. Kadiri miaka ilivyokwenda makundi yakajitenga. Kufika Kidato cha Nne, wa mpira wana meza yao bwaloni, wa kwaya wana yao, na wa mdahalo wanabishana peke yao. Ubongo wa mtoto hukua kwa namna inayofanana na hiyo. Mwanzoni sehemu zake zinaongea kwa jumla. Baadaye hujitenga katika mitandao: mmoja wa kuona, mwingine wa kusikia, mwingine wa kutembeza viungo, mingine ya kufikiri na kupanga. Kujitenga huko ni kwa lazima. Shule isiyo na timu wala kwaya haina maendeleo.

Swali ni la wakati. Wataalamu wale waliona kwamba kwa watoto ambao mama zao walikuwa na hali ngumu zaidi wakati wa mimba, mitandao ilijitenga kwa kasi zaidi. Kwa watoto wa hali nzuri, ubongo ulijipa nafasi, ukachelewa kujigawa. Tena, katika umri wa miaka miwili, watoto ambao mitandao yao ilikuwa haijajitenga sana ndio waliokuwa na lugha nzuri zaidi.

Jambo hili lilinishangaza. Nilidhani umaskini humchelewesha mtoto. Kumbe inaelekea kwamba, kwa upande huu, humharakisha. Wataalamu wengine wanafikiri kwamba mwili unaokua katika mashaka hufanya haraka kukomaa, kwa kuwa haujui kesho kuna nini. Haraka hiyo ina gharama yake: kipindi cha kujaribu na kujifunza hufupishwa. Kila aliyewahi kuvundika ndizi anaelewa. Huiva mapema, lakini haipati yale ambayo ingeyapata kama ingeachwa mtini. Ni sawa na mtoto wa Kidato cha Kwanza kuambiwa wiki ya kwanza kwamba meza yako ni hii, kaa hapa mpaka utakapomaliza.

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijaendelea sharti niweke tahadhari tatu, maana elimu hii ikitumiwa vibaya yaweza kuwa fimbo ya kuwapigia maskini.

Tahadhari ya kwanza: hesabu hizi ni za wastani wa watoto wengi. Hazimhukumu mtoto mmoja. Katika kila kundi la maskini wapo watoto waliozidi wenzao wa matajiri, na wengi wetu humu ndani ni ushahidi. Hakuna mtu awezaye kutazama picha ya ubongo wa mtoto akasema huyu atafaulu na huyu hatafaulu. Hata habari ya mdogo wangu siwezi kuapa kwamba sababu ni ile. Ninachoweza kuapa ni kwamba sikuwa na haki ya kumwita mvivu.

Tahadhari ya pili: ubongo haufungwi siku mtoto anapotimiza miaka mitatu. Unaendelea kujengwa mpaka ujana na hata utu uzima. Walimu wetu hawa hawakufanya kazi bure. Lakini kurekebisha nyumba iliyokwisha kuezekwa ni kazi ngumu na ya gharama kuliko kuweka msingi sawasawa.

Tahadhari ya tatu: tusidhani kwamba dawa ni moja. Huko Marekani, kuanzia mwaka 2018, akina mama 1,000 wa kipato cha chini waligawiwa kwa kura: wengine wakapewa dola 333 kila mwezi, wengine dola 20. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba watoto wa mwaka mmoja wa kundi la kwanza walionyesha dalili za umeme wa ubongo wenye kasi zaidi, na watu wakashangilia. Watoto walipofika miaka minne, tofauti za maana hazikuonekana tena, wala katika umeme wa ubongo wala katika lugha. Fedha ni haki ya mwenye njaa, na mimi ninayefanya kazi na kaya maskini siwezi kuzidharau. Lakini tusidhani kwamba ukishatia fedha mkononi mwa mama umemaliza kazi. Mama anahitaji pia muda, na mtu wa kumpokea mtoto anapokuwa kazini. Mama yetu hakukosa upendo. Alikosa saa za mchana.

Sasa narudi nyumbani. Nchi yetu imekwisha kulitambua jambo hili. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, ambayo inaunganisha mambo matano: afya, lishe, ulinzi, malezi yenye mwitikio na kujifunza mapema. Udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano umepungua, kutoka asilimia 34 katika uchunguzi wa mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Ni hatua, lakini maana yake bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Hao ndio watakaokaa katika madawati ya shule hii miaka kumi na miwili ijayo, au watakaokosa kukaa.

Na sisi je? Katika ajenda ya leo kuna michango ya kuezeka maktaba, kuongeza kompyuta katika maabara na kujenga lango jipya la shule. Mimi nitachanga kama wengine. Lakini naomba tujiulize: kila mara tunapotaka kusaidia elimu, kwa nini twaanza na kijana mwenye ndevu?

Naomba tukumbuke jiko letu. Uji wa asubuhi, ambao tuliusema vibaya kila siku na kuumaliza kila siku, ulipikwa na akina mama wa kijiji cha jirani. Walikuwa wakifika saa kumi alfajiri. Watoto wao walikuwa wapi saa hiyo? Mmoja wapo nilimjua, nanyi wa darasa langu mlimjua. Alikuwa mtoto wa miaka miwili hivi, aliyekuwa akikalishwa kutwa juu ya gunia la maharage mlangoni mwa ghala ya chakula ili asiusogelee moto. Sisi tukampa jina la utani, Bwana Stoo, kwa sababu alionekana kama analinda ghala. Tulipita mbele yake na sahani zetu mara tatu kwa siku. Tulikuwa vijana zaidi ya mia nne, tunajua vitendawili, tunajua nyimbo, tunafundishwa kuhutubia. Hakuna aliyemwimbia. Mimi nilikuwa kiranja na sikuwahi kumwuliza jina lake. Nilikula chakula kilichopikwa na mama yake katika saa ambazo zilikuwa za mtoto yule.

Nimefika jikoni leo asubuhi, kabla ya mkutano. Jiko ni jipya na lina moshi kidogo. Lakini kulikuwa na watoto wawili nje, chini ya mwembe, na aliyewatunza hakuzidi miaka tisa.

Kwa hiyo nina hoja, Ndugu Mwenyekiti. Napendekeza kwamba katika kila shilingi mia tutakayochanga mwaka huu, shilingi kumi zitengwe kwa ajili ya kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, karibu na lango la shule, kwa watoto wa wapishi, walinzi na jirani zetu wa kijijini. Hatuhitaji jumba. Kile chumba cha zamani cha mafundi seremala kina paa zima na kimekaa bure. Mkuu wa Shule ameniambia kwamba Bodi yaweza kuombwa. Tunahitaji mikeka, maji safi, uji wenye lishe, na walezi wawili wanawake wanaolipwa mshahara unaoeleweka. Maafisa wa ustawi wa jamii wa wilaya hii wataeleza masharti ya usajili, nami niko tayari kufuatilia makaratasi, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Vitu vya kuchezea vitengenezwe na vijana wa shule, kwa makopo na mbao. Na ninyi vijana mliosimama nyuma, jioni moja kwa wiki, kwa zamu, chini ya macho ya walezi, nendeni mkawape watoto vitendawili. Msione haya. Siku moja mtakuwa baba, na hilo halimo katika mtihani wa taifa.

Yawezekana mtu aseme kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Baba yangu alifikiri hivyo. Alipoachishwa kazi alikaa nyumbani miezi mingi, mtoto akiwa amelazwa hatua tatu kutoka kwake, na hakuna aliyemwambia kwamba sauti yake ilikuwa na kazi ya kufanya. Simlaumu, alikuwa amevunjika moyo. Lakini sisi tumekwisha kuambiwa, na tukikaa kimya hatutakuwa na cha kujitetea.

Namalizia na mdogo wangu. Leo ni fundi mwashi. Kuta anazojenga zimenyooka kuliko barua zangu. Ana binti wa mwaka mmoja na nusu. Nilipokwenda kumwomba ruhusa ya kuwaeleza habari zake, alikuwa akimwogesha mtoto huyo karai, akimtajia viungo: hili sikio, hili goti. Sijui aliyapata wapi, kwa kuwa bibi alifariki kabla yeye hajazaliwa. Labda aliyasikia kwangu bila mimi kujua.

Nilimweleza yote, habari za Bucharest, za Kingston na za St. Louis. Alisikiliza mpaka mwisho, akamfuta mtoto maji. Kisha akasema: "Waambie, kaka. Lakini waambie pia kwamba mimi si mjinga. Sema tu kwamba nilinyamaziwa."

Nikamwomba anirudishie ile barua ya mwaka ule. Alikataa. Amesema atanipa siku kituo hicho kitakapofunguliwa, na milango atakuja kuijenga mwenyewe.

Naomba kutoa hoja.